Mkalimani Wangu wa Jumatano Mchana

Binti yangu alipatikana kwa kubakwa kwangu, huko Katanga, kabla sijafika huku ughaibuni. Ninalisema mwanzoni ili tusizungushane. Yeye alikuwa hajui, na nilikuwa nimeapa hatajua kabla hajakua.

Sasa, ofisi ya ustawi wa jamii ya mtaa wetu hapa Saint-Gilles ina sheria nzuri mno. Mama asiye na mume akiomba msaada, kwanza amdai baba wa mtoto matunzo. Ila serikali ina huruma jamani, ilitukumbuka hata sisi: kama mtoto alipatikana kwa nguvu, unasamehewa kumtafuta huyo bwana. Kazi yako ni kueleza tu. Ukae kwenye kiti, chini ya picha ya familia inayocheka, ueleze.

Nikapangiwa Jumatano mchana. Huku, Jumatano mchana watoto hawana shule, kila mtu anajua isipokuwa anayepanga miadi. Nikaenda na binti yangu wa miaka kumi, nikijua atabaki nje huku mkalimani wa ofisi akinisemea. Mkalimani hakuja. Dada wa ofisini, mpole kweli, sauti ya kubembeleza wagonjwa, akamwona mtoto akafurahi. Bon, vizuri, akasema, si mtoto anajua Kifaransa?

Anajua, tena sana. Ndiye alikuwa mdomo wangu kwenye duka la dawa, kwa daktari, kwa mwenye nyumba. Mimi naongea mbio na kwa hasira. Yeye hunipunguzia chumvi. Nikisema mwenye nyumba ni mwizi, yeye humwambia maman anaulizia, kwa heshima, ukuta unaovuja.

Basi akaketi kati yetu, miguu haifiki chini. Dada akauliza. Mtoto akanigeukia.

"Maman, anauliza papa yangu iko wapi, na juu ya nini haumuombake feza."

Nikatafuta lugha ya kujibia. Kiswahili anakijua, Kifaransa ananishinda. Lugha ya bibi yangu asingeielewa, ila hata yule dada asingeielewa. Nimtoe nje, nibaki na Kifaransa changu cha kununulia mkate? Nilitamani kuipindua ile meza.

"Mwambie, papa yako alikufaka mbele ya wewe uzaliwe," nikasema.

Uongo huo ungehitaji cheti cha kifo ambacho sina, na msaada ungeishia hapo. Sikujali. Mtoto akanitazama, kisha akamgeukia dada, akasema kwa Kifaransa taratibu hadi nami nikaelewa: mama yangu hawezi kusema hili mbele yangu, mtafutieni mtu mzima wa kumtafsiria.

Dada akawa mwekundu, akatupa tarehe nyingine. Nje, tukisubiri tramu, nikamuuliza kwa nini hakutafsiri nilichosema.

"Maman, wakati unadanganya, unasemaka polepole."

Msamaha nilipewa, kupitia mkalimani mtu mzima. Binti hakuuliza tena habari za papa yake mpaka mwaka huu, Jumatano mchana, tukimenya vitunguu jikoni. Sasa ananipita kwa urefu. Nilimjibu mbio, kama ninavyoongea siku zote, na sikubakisha kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta sahani upande wake, akamenya vitunguu vyangu vilivyobaki.