Hadithi Iliyosimuliwa Mchana

Wiki jana binti yangu alirudi kutoka chuoni Thika na kitabu kinene cha mila na sanaa za jamii zetu, kile cha kisomi chenye tanbihi kila ukurasa. Nilikifungua tu kupitisha muda chakula kikiiva, nikakutana humo na shosho, nyanya yangu. Hakutajwa jina. "Ajuza mmoja wa Gatongora," kilisema, na chini yake hadithi yake ya msichana aliyemfuata mbuzi wake mpaka ng'ambo ya mto. Nilisoma nimesimama, sufuria ikaungua.

Sijui kama unaikumbuka Gatongora ile, rafiki yangu, kabla ya ploti na maghorofa. Sisi wajukuu tuliokota kuni kwenye mibuni, tukachambua maharagwe ya njahi, na jua likizama tukabanana jikoni kwa shosho, macho yakituwasha kwa moshi. Githeri ya mahindi na maharagwe ilitokota, naye akaanza. Kila mara msichana alipomwita mbuzi, sote tuliitikia. Nilipenda kuitikia kuliko kula. Lakini moto ule ulikuwa mtamu na miguu imechoka, kwa hivyo kila jioni usingizi ulinibeba, msichana akiwa bado ng'ambo. Sikujali, maana kesho shosho angekuwepo.

Mtafiti alikuja mchana mmoja, kijana mpole wa chuo kikuu, na mashine yake ya kunasa sauti. Shosho hakuwa mtu wa kumfukuza mgeni. Akampa kigoda na uji, akamsimulia. Msichana akavuka, mto ukafura nyuma yake. Hapo shosho akasema, "Halafu wakaenda nyumbani," akainuka kwenda kukatia ng'ombe majani.

Jioni tulimuuliza mbona amemkatia mgeni hadithi.

"Hadithi ni ya jioni," akasema. "Ukiimaliza mchana, ng'ombe wanapotea. Akitaka mwisho si arudi jua likizama?"

Hakurudi. Nafikiri hakujua kwamba anangojewa. Kwa siku kadhaa shosho alimwekea kigoda kando ya moto, kisha akaacha.

Sasa, katika kitabu hicho, mtafiti yule ameandika sura nzima juu ya mwisho ule. Anasema unaonyesha jinsi watu wetu walivyoamini kwamba kila safari huishia nyumbani. Ameandika vizuri, kwa heshima, na sina hasira naye. Kinachoniuma ni kwamba mwisho huo si wenyewe, na ndio pekee uliobaki. Shosho tulishamzika, mibuni ikang'olewa, na pale jikoni kwake pamejengwa nyumba za kupangisha. Nilimpigia dada yangu anayekaa Kimbo kumuuliza mwisho wa kweli.

"Hata mimi nilikuwa nalala," akasema. "Nilidhani wewe unajua."



Jana binti yangu akaniuliza, "Mum, hii story inaishia hapo tu, kweli?"

Nikamwambia angoje. Jua lilipozama nilizima televisheni, nikamfundisha kuitikia, na aliitikia vizuri sana, macho makavu bila moshi, bila dalili ya usingizi. Nilisimulia polepole kama shosho, nikitumaini kwamba mdomo utakumbuka kile ambacho kichwa kimesahau. Msichana akafika ng'ambo. Mto ukafura.

"Halafu?" akauliza.

Nilingoja kidogo, huenda likaja neno.

"Halafu wakaenda nyumbani," nikasema.