Maji ya Mkaratusi

Tarehe 14 Aprili 1999. Mvua ilianza alfajiri, ile yetu ya Tukuyu isiyo na haraka, na hadi saa sita ukungu ulikuwa bado umekaa kwenye migomba.

Siku hiyo mume wangu alikuwa anarudi na lori kutoka Zambia. Sisi wake wa madereva pale Msasani, mtaa wetu wa Tukuyu, tulikuwa na desturi yetu: mume akifika, kabla hajagusa kitanda, anaogeshwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani ya mkaratusi. Tuliamini yanatoa safari mwilini, na Ukimwi pia, kama aliuokota njiani. Nesi wa kliniki ndiye aliyetuambia kwamba majani yale yanatoa vumbi tu, na kwamba dawa ya wasiwasi ni kupima, mke na mume.

Jirani yangu, naye mke wa dereva, alicheka. "Mwebandu, jamani! Mwambie akapime uone. Atakuuliza nani alikuwa analala hapa yeye akiwa Zambia."

Na angekuwa na haki ya kuuliza, nadhani. Sikuwahi kumkuta na kosa lolote. Lakini sikutaka kulala naye tena kwa kubahatisha.

Alipofika jioni, nilimpelekea maji bafuni. Akaita, "Mama watoto, mbona leo hayana majani?"

"Nesi anasema yanatoa vumbi tu."

"Kumbe miaka yote unanichemshia majani, ulidhani nina nini?"

Nikasema, "Baba, twende tukapime. Wote wawili. Kabla hatujapima, utalala chumba cha watoto."

Nikasikia maji tu yakimwagika. Halafu akasema, "Umesikia maneno?"

"Sijasikia neno. Sitaki kukuonea."

"Haya. Kesho asubuhi. Ila na wewe uchomwe sindano kwanza, nikuone unavyolia."

Sijui kama alikubali kwa mapenzi au kwa uchovu wa barabara, siwezi kumsemea. Tulipima kweli, na majibu tuliyoyangoja kwa hofu yalikuja mazuri kwa wote wawili. Lakini mimi moyo wangu ulishatulia jioni ileile, kwa lile "haya" lake.

Usiku ule tulikula mbalaga, ndizi zilizopikwa na maharage, na parachichi. Akaongeza sahani, kisha akabeba blanketi lake akaenda kwa watoto.