Nilivyonyolewa na Kinyozi wa Kihindi

Katika miaka ya hamsini, Mwafrika hakunyolewa katika duka la kinyozi wa Kihindi lililokuwa karibu na bandari ya Mwanza. Wazungu waliingia, Wahindi waliingia. Sisi tulinyolewa mtaa wa Igogo, nje, chini ya turubai. Walimu wenzangu, watu waliosoma, walieleza kwamba nywele zetu huvunja mkasi. Wengine walisema ipo sheria. Niliuliza ni nani aliyeuona mkasi uliovunjika, na sheria hiyo imeandikwa wapi; kila mmoja alinielekeza kwa mwingine. Basi nikaingia mwenyewe kuuliza. Kinyozi alinitazama, akasema hapa si mahali pangu. Sababu yote ilikuwa hiyo, na niliisikia kwa masikio yangu.

Jumamosi moja, baada ya Uhuru, nilirudi. Wazungu walikuwa wakiondoka mjini na duka lilikuwa tupu. Nilikaa kitini bila kukaribishwa. Kinyozi alinifunga shuka shingoni, akachukua mkasi, kisha akaushusha.

"Mwalimu," alisema, "kichwa kama hiki sijawahi kukinyoa. Nikiharibu, utasema nimekudharau."

"Nitasema nitakachokiona," nilimjibu. "Kata."

Aliharibu. Kitana kilikwama, na juu ya sikio langu pakabaki kipara. Alilowanisha kitambaa akakipangusa kipara hicho, kana kwamba kingefutika.

Jumatatu, shuleni, mwalimu wa hesabu alinizunguka polepole, akauliza kama mbuzi waliingia shambani. Alipojua ni kazi ya nani, kicheko kilikatika. Alitaka twende ofisi ya chama tawala kumshitaki saa ileile. Siku zile mgeni aliyeshitakiwa kwa kumdharau Mwafrika aliweza kuamriwa kuondoka nchini. Kinyozi hakuwa raia bado, na neno langu lingetosha. Nilimwambia siendi.

"Huyu ndiye aliyekufukuza," alisema. "Leo amekuaibisha, nawe unamtetea?"

"Aliponifukuza, alinifukuza kwa rangi yangu, na hilo nitalishuhudia mbele ya yeyote. Jumamosi alininyoa vibaya kwa kuwa hajui. Nilikuwepo, bwana, wewe hukuwepo."

Alisema nimenunuliwa kwa chai ya Kihindi. Wengi walifikiri kama yeye, kwamba rangi ya mtu ni ushahidi wa kutosha. Sisi wenyewe tulikuwa tumehukumiwa hivyo tangu enzi za Wajerumani, na baadhi yetu waliona Uhuru ni zamu yetu ya kuhukumu. Wajukuu wangu wakisikia habari hizi hudhani watu wa wakati ule walikuwa wajinga. Hawakuwa wajinga. Walisadiki walichoambiwa na watu waliowaheshimu, wala hawakwenda kuangalia.

Sikwenda ofisi ya chama. Mwalimu wa hesabu hakunisemesha mpaka likizo. Nywele zilipoota nilirudi kwa kinyozi. Safari hii alitumia mashine, taratibu, akanyoa afadhali kuliko mwanzo, ingawa bado si vizuri.