Mlango Mmoja wa Gari la Kasiani

Kasiani wa Tunduma alikuwa mtu wa kusema "nitaona" hata pale ambapo kila mwenye macho ameshaona. Ukimwambia paa lako linavuja, nitaona. Ukimwambia mkeo amekonda, nitaona. Na wala hakuwa mvivu, hapana. Mvivu hachimbi shaba miaka tisa huko ng'ambo ya mpaka, chini kwenye giza na maji, akarudi kwao na mapafu yake yote mawili na lori kuukuu alilolinunua kwa mtu. Ila kuna watu wanaosikia kwa sikio moja, na Kasiani alikuwa mmoja wao, hasa maneno yakitoka kwa Aida, mkewe.

Lori lenyewe, tuseme ukweli, lilikuwa na injini tu. Bodi yake ya mbao ilikuwa imeliwa na mchwa mpaka ukikohoa karibu yake unga unamwagika. Hata hivyo alishuka nalo mpaka Kamsamba, kule bondeni, akapakia mpunga, akapanda nao kwa njia ya Chitete mpaka Tunduma. Huko waliuchukua watu wa upande wa Rhodesia, wakisifu, "Bwino sana, mukwai," yaani mzuri sana, bwana. Mwaka huo ulikuwa 1955, na barabara ile ilikuwa barabara kwa jina. Kwenda siku mbili, kurudi siku mbili na nusu ukijaliwa, na usingizi wake ni juu ya magunia, mbu wanakuimbia sikioni. Ndipo Kasiani alipokata shauri kwamba gari lake jipya litakuwa na chumba ndani, na kitanda, kama yale aliyowaona nayo Wazungu wa migodini wakienda kuwinda.

Aida naye alilitaka gari hilo, lakini yeye hakuwaza mbu. Alimwaza mama yake. Mama Roda alikuwa mjane, akiishi peke yake Kamsamba, na tangu mavuno ya mwaka uliopita alikuwa na uvimbe tumboni uliokuwa ukikua polepole. Dawa za mizizi zilikuwa zimeshindwa. Watu walisema wamwahishe Mbozi Misheni, kuna matibabu, lakini kutoka Kamsamba mpaka Mbozi mgonjwa wa tumbo hawezi kutembea, na juu ya magunia ya mpunga angefika maiti. Kitanda ndani ya gari kingemfikisha.

Hapa pana jambo la kuelezwa, maana vijana wa siku hizi mnakaa meza moja na mama mkwe mkigombania paja la kuku. Zamani hizo mama mkwe na mkwewe hawakuonana. Wakikutana njiani mmoja aliingia kichakani mpaka mwenziwe apite. Hawakula pamoja, hawakuitana majina. Na mahali anapolala binti na mumewe, mama hakanyagi, sembuse kulala. Mtoto wa kwanza akizaliwa ndipo mkwe alipeleka mbuzi, mama akampikia, wakasalimiana, mambo yakalegea. Sasa Aida na Kasiani walikuwa na miaka minane ya ndoa na Mungu hakuwa amewapa mtoto. Miaka minane yote Kasiani alichokijua kwa mama mkwe wake ni mgongo na ncha ya kanga.

Kwa hiyo Aida ndiye aliyemkokota mumewe mpaka kwa fundi Fanueli, kule Mbozi. Fanueli alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa kahawa, na useremala alikuwa ameupata misheni. Mabenchi aliyoyatengeneza yalikaliwa na watu wanene kwa wembamba bila kulia hata mara moja. Alilizunguka lile lori, akagonga chesi ya chuma kwa kifundo cha kidole, akapima kwa kamba yenye mafundo, akasikiliza haja ya Aida mpaka mwisho bila kumkata.

"Haya," akasema. "Hii bodi nitaitupa yote. Nitajenga vyumba viwili. Hiki cha mbele chenu ninyi. Cha nyuma nakitenga kwa ukuta wa mninga, na mlango wake unafungukia huku nyuma, na kitanda chake. Mama anaingia kwa mlango wake, anatoka kwa mlango wake. Mkwe yuko kwenye usukani, hawaonani hata kivuli."

Aida alifunika mdomo kwa kiganja, akacheka kwa furaha kama msichana.

"Lini, fundi?" Kasiani akauliza.

"Mbao zikauke kwanza, ndugu yangu. Mbao mbichi zitapinda kwenye joto la kule bondeni, na mimi siweki jina langu kwenye kitu kinachopinda. Kahawa ikishavunwa nitaanza. Mwezi wa nane mwishoni njoo uchukue."

"Nitaona," Kasiani akasema. Mwezi ulikuwa wa tano.

Wiki tatu baadaye akaenda Mbeya kutafuta matairi, na huko, jamani, akakutana na kilichomponza. Mzungu mmoja mpima barabara alikuwa anarudi kwao Ulaya na anauza gari lake. Lilitoka kiwandani hivyo hivyo, na chumba chake ndani. Rangi ya maziwa, ukanda wa kijani ubavuni. Madirisha ya vioo yenye mapazia. Jiko dogo la mafuta ya taa. Meza inayokunjwa ukutani isionekane. Bomba, naam, bomba la maji ndani ya gari, ukilifungua maji yanatoka, kwa kuwa chini ya kitanda kulikuwa na tangi. Kasiani alilifungua na kulifunga lile bomba mara sita. Yule Mzungu alikuwa tayari kulipokea lori na kuongezewa kidogo, yaishe, kwani meli yake ilikuwa inamngoja.

Tusimwonee. Alifikiri. Aliketi kwenye ngazi ya duka moja la Mbeya nusu siku nzima akipima huku na huku. Upande wa Fanueli kulikuwa na kungoja miezi, na mbao ambazo mchwa wa Tunduma hawakosi kuzipenda, na gari ambalo hakuna aliyewahi kuliona likijengwa. Upande huu kulikuwa na bati, nati za kweli, kazi ya watu waliosomea, na tena leo hii. Na chini ya hayo yote kulikuwa na jambo jingine, ambalo baadaye alilikiri mwenyewe kwa uchungu: alijiona anaingia Tunduma na lile gari, watu wanatoka madukani kumtazama. Hilo ndilo lililoshinda.

Na kweli walitoka. Aida pia alitoka, akalizunguka gari lote, akarudi pale alipoanzia.

"Mlango wa Mama uko wapi?"

"Si huu hapa?"

"Huu ni wako. Mlango mmoja, chumba kimoja, kitanda kimoja. Mama atapita wapi, Kasiani? Atalala wapi?"

"Tutatia pazia katikati."

"Pazia si ukuta."

"Mama yako ni mgonjwa, Aida. Mgonjwa hachagui. Siku ikifika nitaona."

Aida akageuza mgongo. Aliingia jikoni, na Kasiani akabaki nje akiwaonyesha majirani bomba. Fanueli alipopata habari alituma neno moja tu, kwamba mbao zake hazitaoza, atazitengenezea madawati. Lakini mke wake alisimulia kwamba siku ile hakula.

Katikati ya mwezi wa tisa ilifika habari kutoka Kamsamba: Mama Roda hali chakula tena, njooni. Wakashuka siku hiyo hiyo. Kasiani alitandika shuka mpya kitandani, akatundika blanketi katikati ya chumba kwa kamba, akaridhika na kazi yake. Njiani alimwambia Aida, "Utaona, ataingia tu." Aida alikuwa akitazama nje dirishani.

Walipofika Kasiani alisimamisha gari mbali na nyumba, kama heshima ilivyotaka, akakaa upande wa pili wa gari, usiotazamana na mlango wa nyumba. Maneno yalikwenda na kurudi kwa mdomo wa Loisi, mdogo wake Mama Roda, mwanamke mfupi mwenye hasira za karibu.

"Dada anashukuru," Loisi akasema. "Anasema Mungu akubariki kwa kuja. Lakini humo hapandi."

"Kuna pazia, Mama Mdogo."

"Nimeliona pazia lako. Linapepea. Na kitanda je? Si ndicho mnacholalia na mwanangu? Unataka dada yangu alale hapo, na wewe umekaa hatua mbili mbele yake unasikia anavyougua?"

"Basi kitanda nitakitoa. Atalala chini, kwenye mkeka wake mwenyewe."

Akachukua spana. Akavua shati, akaingia chini ya kitanda. Nati nne alizipata, akazifungua, akashangilia. Kisha akavuta na kitanda hakikutikisika. Kilikuwa kimechomelewa kwenye tangi, na tangi limechomelewa kwenye bodi. Watu waliosomea walikuwa wamekiunga ili kisitoke milele. Akapiga kwa nyundo mpaka watu wakatoka majumbani. Akapiga mpaka vidole vikatoka damu. Fanueli angekitoa chake kwa bisibisi, akisimulia habari za kahawa huku anafanya. Hapo chini ya kitanda, uvunguni na vumbi mdomoni, ndipo Kasiani alipoelewa alichokuwa amefanya, na akalia.

Akatoka akasema asiendeshe yeye, atafutwe dereva. Dereva gani, Kamsamba, mwaka ule? Lori la karibu lilikuwa limekwenda juu na halirudi mpaka mwisho wa mwezi. Aida akaingia ndani kumsihi mama yake, akapiga magoti. Walimsikia mpaka nje. Alipotoka macho yalikuwa mekundu.

"Anasema amekuwa mke wa mtu, na mama wa mtu, na hakuna aliyewahi kumkosea heshima wala yeye kumkosea mtu," Aida alisema, hakumwambia yeyote hasa. "Anasema hatavua nguo ya maisha yake yote kwa ajili ya tumbo."

Basi wakafunga machela. Mjomba Nathanaeli, kaka yake Mama Roda, alikusanya wanaume wanane wa kupokezana. Aida na Loisi walitembea kando. Kasiani alitangulia na gari tupu lenye maji na chakula, akisimama kila mahali pa kupumzikia, akishusha vyungu na kuvipanga kivulini, kisha akijitoa na kukaa kichakani mpaka machela ifike, wanywe, waondoke. Siku ya kwanza ilikuwa hivyo. Usiku machela ililala kwenye nyumba ya jamaa, na Kasiani hakukigusa kile kitanda, alijilaza chini ya gari.

Siku ya pili alisimama pale mlima unapoanza, kabla ya kupanda kwenda Chitete. Akachemsha uji. Akaupoza. Jua likapanda kichwani, uji ukaota ngozi, na machela haikufika. Mwishowe alimwona Mjomba Nathanaeli anakuja peke yake, hana haraka, kofia iko mkononi.

Kasiani akaelewa. Alikaa chini pale pale barabarani, mchanga ukimchoma, akasema, "Mimi ndiye niliyemuua, Mjomba."

"Uvimbe ndio uliomuua," Nathanaeli akajibu. Na kwa sababu alikuwa mtu wa kweli, akaongeza, "Lakini leo angekuwa Mbozi."

Kisha akamweleza kilichobaki. Joto lile halimngoji marehemu, na Mama Roda alitaka kuzikwa karibu na mumewe. Kwa mabega wasingefika Kamsamba kwa wakati. "Geuza gari, mwanangu," alisema. "Heshima ni ya walio hai. Sasa hana mkwe, hana aibu. Tumpakie."

Walimpitisha kwa ule mlango mmoja, wakamlaza kwenye kile kitanda, kwenye shuka mpya ambayo hakuna aliyekuwa ameilalia. Kasiani alisaidia kubeba. Ndipo alipomwona. Alikuwa mwembamba, ana mwanya, na paji la uso lilikuwa la Aida kabisa, hata ile mikunjo miwili inayokuja akiudhika. Miaka minane. Hata shikamoo hakuwahi kumpa.

Nathanaeli alilishusha lile blanketi lililotundikwa, wakamfunika nalo. Aida akaketi sakafuni, mkono mmoja umeshika ukingo wa kitanda, mwingine juu ya kifua cha mama yake. Kasiani akawasha gari. Lilikuwa gari zuri, hilo halikataliki, injini yake haikukosea hata mara moja njia nzima ya kurudi bondeni. Aliendesha kama mtu anayekimbizwa. Kwenye shimo la kwanza aliisikia nyuma yake sauti ya Aida, ya kawaida tu, sauti ile ile aliyomwambia nayo mambo yote ambayo hakuyasikia.

"Polepole, Kasiani. Unamtikisa Mama."