Saa Yenye Sura ya Gaudencia

Jumamosi hiyo Gaudencia Amondi alipiga pasi gauni moja mara tatu. Mara ya kwanza gauni lilikuwa na mikunjo. Mara ya pili na ya tatu ni mikono tu iliyokataa kukaa bure. Kati ya pasi na pasi alichukua simu akapiga namba ileile, na yule mwanamke wa mtandao akamjibu lilelile: mteja hapatikani kwa sasa.

Mteja mwenyewe alikuwa Nanjala, msichana wa Marachi, mwanafunzi wa chuo kikuu mwaka wa pili. Saa nane mchana, katika ukumbi wa kanisa kule Malaba, Nanjala angesimama mbele ya watu mia na ushee amkabidhi Gaudencia zawadi. Kabla ya hapo Gaudencia alitaka kumwambia jambo moja. Miaka miwili mizima alikuwa na nafasi ya kulisema. Sasa alikuwa amebakiwa na saa tano.

Wacha nikueleze huyu mama ni nani, maana ukipita Busia, mji wa mpakani, si rahisi umwone. Si mkubwa wa umbo wala wa sauti. Anakaa Burumba, na ni karani wa wakala wa forodha, ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la matairi. Kazi yake ni kuingiza mizigo kwenye kompyuta: mabati mangapi, uzito gani, yanakwenda Kampala au Kigali. Akikosea tarakimu moja lori linalala barabarani, na dereva na taniboi, yule msaidizi wake, wanalala chini yake. Kwa hiyo alijifunza kutokosea. Akajifunza na la pili: fomu ikiwa na kasoro na mwenye mzigo hapatikani, usimngoje. Rekebisha, lori lipite, utamweleza baadaye. Au usimweleze kabisa. Hakuna mwenye mzigo aliyewahi kupanda zile ngazi kulalamika kwamba lori lake limepita.

Sasa, mdogo wake wa mwisho alipata alama nzuri kidato cha nne, akakosa chuo kwa sababu nyumbani hakuna aliyejua kwamba kuna fomu ya kujaza mtandaoni na ina siku ya mwisho. Leo yuko Bumala, anaendesha boda, na hajawahi kumlaumu mtu. Kule kutolaumu ndiko kulikomuuma Gaudencia. Akaenda kwa mkubwa wake, akaomba kompyuta ya ofisi kila Jumamosi matokeo yakitoka. Akaanza na watoto wanne wa majirani. Mwaka uliofuata ngazi zilijaa mpaka mlango wa duka la matairi, na mwenye duka akawa anawauzia soda.

Hapo ndipo walipomsikia wale wa Chama cha Wahamasishaji wa Elimu ya Juu Mpakani. Ni walimu, makarani na wachungaji, watu wanaozunguka vijijini kuwafungulia watoto njia ya vyuo bila kulipwa. Wakamwandikisha. Kwa miaka minane amejaza fomu za watoto mia mbili na kumi na mmoja, wote wameandikwa katika daftari kubwa la jalada jeusi: jina, namba ya mtihani, simu ya mzazi, na paswadi. Ndiyo, paswadi pia. Watoto walizisahau, na yeye hakusahau kitu.

Ukurasa wa Nanjala ulikuwa na mstari mmoja chini ya jina: *Uuguzi. Uuguzi tu.*

Siku ya mwisho ya kubadilisha chaguo, miaka miwili nyuma, Gaudencia alipiga hesabu akaona pointi za Nanjala ziko chini ya zile zilizotakiwa mwaka uliotangulia. Dirisha lingefungwa saa kumi na moja jioni. Alipiga simu kutoka saa nane, mteja hapatikani. Saa kumi na nusu alifungua daftari, akaingiza paswadi, akaondoa uuguzi, akaweka Sayansi ya Udongo, kozi ambayo msichana angeipata bila shaka. Wengine wawili alishawafanyia vivyo hivyo, na walipita kama malori. Akazima kompyuta akaenda kununua omena wa kupika jioni.

Majibu yalipotoka, Nanjala alipiga simu analia. "Madam, udongo? Mimi sikuandika udongo!"

Na Gaudencia, ambaye angeweza kusema ukweli kwa pumzi moja, akasema, "Sistimu imekuchagulia, mama. Sistimu ndivyo ilivyo."

Wiki hiyohiyo akaona orodha. Chuo kimoja kati ya vile alivyoandika Nanjala kilikuwa kimeshusha pointi za uuguzi. Angeacha fomu kama ilivyokuwa, Nanjala angepita, na pointi kidogo zingebaki. Basi tangu siku ile kiti cha Gaudencia hakimkai. Anainuka katikati ya chakula. Anafika ofisini kabla ya askari kufungua geti.

Sasa Chama kimemchagua kuwa mhudumu bora wa mwaka. Na katika Chama hicho mheshimiwa hakabidhi zawadi, hata akija na walinzi wanne. Anayekabidhi ni mwanafunzi aliyesaidiwa. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu Zephaniah, ndiye aliyechagua mwanafunzi, akapiga kidole jina moja kati ya mia mbili na kumi na moja. Kati ya wote hao, kidole kikatua kwa Nanjala.

Saa nne Okiror alipiga honi ya pikipiki mlangoni. Okiror ni mwenzake wa ofisini, yule anayepeleka karatasi kwenye magari, mtu wa Teso asiyeweza kunyamaza hata akiwa na mkate mdomoni.

"Mama mheshimiwa! Panda tukafike kabla hawajabadilisha mawazo!"

"Okiror, wewe mtu akikukosea halafu ukampenda bila kujua alikukosea, ungetaka akuambie?"

Okiror akazima pikipiki. "Nani amekukosea? Bosi?"

"Jibu tu."

"Inategemea. Amekula kitu yangu?"

"Amekuchagulia njia."

"Ah, mimi wanawake wote wamenichagulia njia," Okiror akasema. "Panda, Madam. Wewe leo unawaza kama mtu anapelekwa kortini."

Walipita Alupe, kisha foleni ya malori ikaanza, marefu na kimya, madereva wamekaa kwenye ngazi za milango wakinyoa ndevu kwa vioo vya pembeni. Siku nyingine Gaudencia angesoma namba na kujua lipi lina kasoro gani. Leo alishika simu kwa mkono mmoja na shati la Okiror kwa mwingine. Aliandika ujumbe: *Nanjala, kabla hujaja.* Akaufuta. Akaandika tena. Akaufuta, pikipiki ikaruka tuta, nusura simu iende.

Ukumbini viti vya plastiki vilikuwa bado vimepandana. Zephaniah alikuwa mbele akifunga maputo, koti lake la suti limetundikwa kwenye stendi ya maikrofoni.

"Madam Gau! Umefika mapema, vizuri sana. Njoo uone, usimwambie mtu umeona." Akafunua kitambaa mezani.

Ilikuwa saa ya ukutani, kubwa kama sinia, na katikati ya uso wake palikuwa na uso wa Gaudencia. Picha ya kitambulisho, imekuzwa. Mishale ilitoka puani.

"Tumetengenezewa na kijana wa studio upande wa Uganda," Zephaniah akasema. "Kila ukiitazama utakumbuka ulivyotumia wakati wako kwa watoto wa watu."

Gaudencia aliitazama. Saa sita na dakika kumi. Alitoka nje, akazunguka ukumbi, akarudi akasaidia kupanga viti, akavipanga upya, akatoka tena. Mama mmoja wa jikoni akamwambia, "Dada, kaa chini, unatupa kizunguzungu," na akakaa, na akainuka.

Nanjala alifika zikiwa zimebaki dakika thelathini na tano. Amevaa sketi ndefu na viatu vya kuazima, ameshika karatasi mbili. Alimkumbatia Gaudencia kwa nguvu.

"Madam wangu! Simu yangu ilikufa jana, kwetu stima zimepotea siku mbili. Nimeichaji hapo stendi ndipo nikaona umenipigia mara kumi na saba. Ulidhani sitakuja?"

"Njoo huku nyuma kidogo."

"Mwenyekiti anataka nijaribu maikrofoni."

"Maikrofoni itangoja."

Nyuma ya ukumbi palikuwa na tangi la maji na kamba ya nguo. Gaudencia alikuwa amepanga maneno tangu Burumba, yakampotea yote. Akasema kama anavyosoma fomu.

"Ile kozi si sistimu iliyokuchagulia. Ni mimi. Niliingia na paswadi yako, nikatoa uuguzi nikaweka udongo. Niliogopa utakosa vyote. Halafu ukaniuliza nikakudanganya."

Nanjala alicheka kidogo, akamtazama, akaacha kucheka.

"Ningekosa uuguzi?"

"Hapana. Ungepata. Kuna chuo kilishusha."

Ndani mtu alisema *moja mbili, moja mbili*. Nanjala alikunja zile karatasi, akazikunjua, akazikunja.

"Ulijua lini?"

"Wiki ileile."

"Wiki ileile," Nanjala akarudia. "Madam, kulikuwa na dirisha la kuomba uhamisho. Wiki tatu zilikuwa zimebaki. Mimi nilikaa hosteli muhula mzima nikilia, nikijiambia sina akili ya kutosha. Mama aliniambia labda Mungu hataki niguse wagonjwa. Aliamini hivyo!"

"Najua sasa."

"Hujui." Alivuta pumzi. "Na usije ukaniambia eti siku hizi naupenda huo udongo. Ni kweli naupenda. Wazee wa Butula wananiita shambani nipime, na mahindi yao yamebadilika. Lakini hiyo ni juhudi yangu, haikufutii wewe. Ile siku ya kwanza nisingeweza kukulaumu, ulinitafuta ukanikosa. Mimi naulizia siku ya pili. Siku ya pili simu yangu ilikuwa inaita. Kwa nini hukunipigia?"

Gaudencia alishika kamba ya nguo. "Ofisini kwetu," alisema, "mzigo ukipita hatupigi simu."

"Mimi si mzigo."

Zephaniah akachungulia kwenye kona, tai shingoni. "Mabinti, wageni wameketi!"

Programu ikaenda kama zinavyokwenda: maombi, kwaya, mheshimiwa aliyezungumza sana kuhusu barabara. Gaudencia aliketi mstari wa mbele akikanyaga mguu wake mmoja kwa mwingine. Kisha Zephaniah akafunua saa, watu wakashangilia ile picha, Okiror akapiga mluzi kutoka nyuma, na Nanjala akaitwa.

Alisimama na ile saa mikononi. Akaitazama sura iliyokuwa mle, akaitazama ile iliyoketi.

"Nilikuwa nimeandika kurasa mbili," alisema. "Leo sitazisoma. Huyu mama ndiye aliyenifungulia mlango wa chuo, na hilo sitalikana. Lakini kuna jambo amenieleza sasa hivi hapo nje, na bado linaniwasha. Siwezi kutabasamu nikamkabidhi kitu. Samahanini." Akairudisha saa mezani, taratibu, isianguke. Akakaa.

Ukumbi ulisikika ukigeuka kwenye viti. Zephaniah alifungua mdomo, na Gaudencia akawa ameshasimama. Hakuomba maikrofoni. Aliwaambia yote, kuanzia saa kumi na nusu ya siku ile mpaka neno *sistimu*, na hakutaja omena wala uchovu wala watoto mia mbili na kumi na mmoja. Alimaliza hivi: "Paswadi za watoto wenu zimo kwenye daftari langu. Kila mtu aje achukue yake, aibadilishe. Na hii saa siwezi kwenda nayo."

"Lakini si alikuwa anasaidia!" mwalimu mmoja akapaza sauti.

"Angekuwa amemsaidia mtoto wangu hivyo," mama mmoja wa nyuma akajibu, "angenikuta ofisini kwake kabla hajafungua."

"Sasa hii saa," Zephaniah akanong'ona, amepotea kabisa, "Madam, ina uso wako. Nitampa nani?"

Gaudencia alijikuta yuko nje tena, kwenye lile tangi. Ajabu ni kwamba aliketi. Aliketi kwenye jiwe la kufulia na hakuinuka. Kwaya ilikuwa imeanza kuimba bila kuambiwa. Baada ya muda Nanjala akaja, akasimama hatua tatu kutoka kwake, viatu vya kuazima mkononi.

"Ni mimi peke yangu?"

"Wengine wawili. Kabla yako."

"Wanajua?"

"Hapana. Lakini wako sawa, Nanjala. Mercyline amemaliza, ana kazi Malaba hapa hapa. Okwara yuko mwaka wa nne."

"Uliwauliza kama wako sawa?"

"Sikuwauliza."

"Wapigie," Nanjala akasema.

"Leo?"

"Siku ya pili yao bado haijafika, hakuna aliyewaambia. Wapigie. Mimi nangoja hapa, matatu ya kwetu haijaondoka."

Hakusema amesamehe, na Gaudencia hakuuliza. Alitoa simu. Alitafuta jina la Mercyline, akabonyeza. Moyoni alitamani, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kumsikia yule mwanamke wa mtandao.

Simu iliita mara mbili.

"Haloo! Madam Gau! Nimesikia leo ndiyo siku yako, walai nimefurahi! Wamekupa nini?"

"Mercyline," Gaudencia akasema, "uko mahali unaweza kukaa? Nataka kukuambia kuhusu fomu yako."