Poka Nyuma ya Pazia

Mama yangu alikuja Nairobi kunichukua, na hakuficha. Alishuka kwenye gari moshi na kuku chini ya kwapa, akaniangalia tumbo kabla ya kuniangalia uso, akasema, "Vizuri. Jumapili tunarudi nyumbani, ukazalie kwangu." Hakuuliza mume wangu anasemaje. Angemwulizaje? Kwetu Magharibi mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Pale stesheni hakukuwa na kichaka, kwa hivyo mume wangu alisimama nyuma ya nguzo, mwanamume mzima, akinionyesha kwa vidole kwamba atatangulia na mizigo.

Naye alikuwa na neno lake: nizalie Nairobi, karibu na hospitali. Alishikilia hivyo tangu mimba ikiwa changa, na nikimwuliza sababu ananiambia, "Nimesema tu." Nilidhani ni majivuno ya watu wa mjini. Basi nikawa tarishi wao. Mwambie mama hivi, mwambie mkwe vile. Wee! Nilichoka mimi, na tumbo lile!

Mume wangu alikuwa mpishi kwa Wazungu fulani kule Muthangari, nasi tulikaa katika chumba kimoja nyuma ya nyumba yao. Mama alipofika, mume wangu alihamia kwa mtunza bustani, akatundika shuka mlangoni petu liwe pazia. Mchana, vyombo vikishaoshwa, alikuwa huru mpaka kengele ya chai. Alikuwa akija kuketi kwenye ngazi nje ya pazia, kwa heshima, na mama anaketi ndani kitandani, kwa heshima, na hakuna anayefungua mdomo. Heshima ile ilikuwa inaniua.

Siku moja akaja na karata. Wenye nyumba walikuwa wamezitupa kwa sababu bibi wa kopa amepotea. Mume wangu akakata kipande cha boksi la sabuni, akamchora bibi mpya mwenye kilemba. Mchezo wenyewe unaitwa poka. Aliujua kwa kusimama nyuma ya viti vyao Jumamosi, na trei ya chai mkononi.

"Mwulize mama kama anataka kujifunza," akasema.

Nilijua mama atakataa. Mama wa kanisa yule, karata kwake zilikuwa kitu cha walevi. Lakini na yeye kimya kilikuwa kimemkaba. "Mwulize zinachezwaje," akasema.

Basi nikaketi mlangoni kwenye kigoda, nusu yangu ndani, nusu nje, pazia limenikaa begani. Nikagawa karata tano kwa huyu, tano kwa yule, na kila mmoja akaweka haragwe moja kwenye sahani mapajani pangu. Mbili zinazofanana ni jozi. Jozi mbili zinashinda jozi moja, tatu zinazofanana zinashinda hizo. Usiyoitaka unaitupa, unapewa nyingine. Ukijiona una nguvu unaongeza maharagwe, na mwenzako aongeze sawasawa na wewe au aweke karata zake chini akubali kushindwa.

"Na kama sina kitu, na nikaongeza hata hivyo?" mama akauliza.

"Mwambie akiongeza bila woga, mimi naweza kuogopa nikaacha. Hapo atakuwa ameshinda."

"Kumbe ni uongo!"

"Mwambie si uongo, ni kunyamaza vizuri."

Mama akacheka. Tangu afike alikuwa hajacheka.

Kufikia Alhamisi alikuwa anamnyoa mume wangu bila maji. Mume wangu akidanganya, mama anamfuata, akipata karata nzuri, mama anaacha mapema. Mume wangu akavua kofia, akakuna kichwa. "Haki mama huyu anaona kupitia nguo!" Mimi nami nilishangaa, mpaka mama aliponinong'oneza huku akifuta machozi ya kicheko: nilikuwa ninachungulia karata za mume wangu, kisha ninamgeukia yeye, na uso wangu unamwambia kila kitu. "Hata ukiwa mtoto, ukiiba sukari nilikuwa nakuangalia uso tu," akasema. Nilinuna jioni yote.

Nilianza kuwaona wakipendana, wale wawili, kwa njia yao. Mume wangu alikuwa akiniletea keki iliyobaki na kusema, "Hii si yako." Mama alisonga ugali mwingi kuliko tunaoweza kula, akauliza kama watu wa huko nje wameshiba.

Lakini Jumamosi ikafika, na kikapu cha safari kiko tayari. Mume wangu akasema kutoka nje, kama mzaha, "Mwambie mama tucheze mara moja ya mwisho. Akishinda, nendeni. Nikishinda mimi, mke wangu abaki."

Nikafoka. "Mimi ni kuku wa kuchezewa?" Mama alivua leso, akanifunika nayo kichwa chote. "Leo hatusaidii mtu," akasema. Nikagawa kwa kupapasa.

Mume wangu aliongeza maharagwe. Mama akaongeza. Nikasikia sahani ikimiminiwa bakuli zima kutoka upande wa nje, yote aliyokuwa nayo. Mama akasema taratibu, "Mtu haweki vyote hivyo kwa sababu ya karata. Mwulize anaogopa nini."

Nikafungua mdomo niulize. Mume wangu hakunisubiri.

"Mama," akasema. Mwenyewe, kwa sauti yake, moja kwa moja kupitia pazia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Dada yangu alizalia nyumbani. Ilishindikana. Tulimbeba kwa kitanda kwenda zahanati, mimi nikiwa upande wa kichwa. Mto ulikuwa umejaa. Alinifia hapo ukingoni, mkono wake umenishika shati."

Mimi alikuwa ameniambia dada yake alikufa kwa homa.

Karata za mama zikaanguka mapajani pangu, zimefunikwa. "Mwambie mkwe wangu nimeacha," akasema. "Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake."

Huko nje mume wangu alipumua kama mtu aliyetua gunia. Nikavua leso, nikakusanya karata. Za mume wangu zilikuwa jozi moja tu, ya namba nne, si kitu. Nikazigeuza za mama: wafalme watatu.

Nilimtazama. Akaweka kidole mdomoni.

"Mwambie," akasema kwa sauti ya kusikika, "mtoto akija, anijulishe siku hiyo hiyo. Nisikae huko peke yangu bila kujua."

"Nimesikia, mama," mume wangu akajibu. "Siku hiyo hiyo."

Nilimpenda mama siku ile hata nikaumwa kifua. Kwa miezi yote ile alikuwa ameota mjukuu wa kwanza akipokewa na mikono yake. Aliigeuza mikono hiyo, akaitazama, kisha akaanza kulia chini chini, ili mkwe asisikie, na mimi nikaishika yote miwili mpaka kengele ya chai ilipogongwa.