Mkurugenzi wa Kampuni Nne

Katika mtaa wetu hakuna aliyewahi kumdhania Fundi Kufuli kuwa ni mtu wa kuamini haraka. Kazi yake ni kuwafungulia milango watu waliopoteza funguo, na kabla hajagusa kitasa humtaka mwenye mlango athibitishe kwamba mlango ni wake. Siku moja mzee mmoja, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alijifungia nje akiwa na taulo kiunoni na povu la sabuni masikioni. Fundi alimwamkia kwa heshima zote, kisha akamwomba kitambulisho. Mzee aliuliza angekificha wapi. Fundi akaona hoja hiyo ina uzito, akaenda kumwita jirani wa pili aje kutoa ushahidi. Povu likakauka. Tangu siku hiyo mtaa ukampa jina la Ushahidi, naye akalipokea kama nishani.

Basi fikiria mshangao wetu tuliposikia kwamba mtu huyuhuyu yuko tayari kuweka duka lake rehani kwa ajili ya mgeni aliyemjua kwa muda wa kunywa soda mbili.

Mgeni aliletwa na Kaka Mkubwa. Huyu ni nduguye Fundi wa tumbo moja, mtu ambaye hajawahi kufanya biashara yoyote, na kwa hiyo hajawahi kupata hasara, jambo linalompa haki ya kumshauri kila mtu. Alimtambulisha mgeni wake kwa cheo tu: Mkurugenzi. Mkurugenzi alivaa tai katika jua la kuchoma. Alikuwa na simu mbili zilizoita kwa zamu, na kila moja aliijibu, "Subirini, niko kwenye kikao," ilhali ameketi juu ya ndoo ya rangi iliyogeuzwa.

Mpango wenyewe ulikuwa wa kupendeza. Wangeleta vitasa vya umeme, vile vinavyofunguka kwa kadi, wavifunge katika mahoteli na maofisi. Benki ingetoa mkopo kwa dhamana ya jengo la Fundi, na Mkurugenzi angeleta watu anaofahamiana nao. Mgawanyo wa haki kabisa: mmoja aweke alichonacho, mwenzake aweke anachokisema.

Jengo hilo si kubwa. Mbele kuna duka lenye mashine ya kuchonga funguo na ukuta mzima wa funguo ambazo hazijachongwa. Chumba cha nyuma ni cha Mama Pacha, mke wa Fundi, anayeshona sare za shule. Juu ndiko wanakolala. Ukilitoa jengo hilo katika maisha yao, kinachobaki ni cherehani moja isiyo na mahali pa kuwekwa.

"Baba Pacha," mkewe alimuuliza bila kuinua uso kutoka kwenye kola aliyokuwa akiikunja, "huyo bwana umemwomba kitambulisho?"

"Usinitie aibu, Mama Pacha. Mtu kaletwa na kaka."

"Na yule mzee wa povu, mliyeishi naye ukuta mmoja miaka yote?"

"Yule alitaka kufunguliwa mlango!"

"Na huyu anataka nini? Huyu anataka mlango, na ukuta, na paa, na kitanda ninacholalia."

Fundi alikohoa. Mama Pacha akakata uzi kwa meno.

"Hati ya jengo ina majina mawili. Sahihi yangu siitoi mpaka ukamtazame kwa msajili wa makampuni. Ni bure. Hata bahili kama wewe hana pa kujifichia."

Kaka Mkubwa alipopata habari alikuja juu. "Kumchunguza mgeni wangu ni kunitukana mimi! Mimi mtu namsoma machoni." Ni haki kueleza kwamba Kaka Mkubwa alikuwa amekwisha kuahidiwa cheo cha Mkurugenzi wa Mahusiano, na macho yaliyoahidiwa cheo huona mbali sana.

Fundi alikwenda kwa siri, kama mtu anayekwenda kununua dawa ya upele. Ofisi ya msajili ilikuwa na benchi refu na, pembeni, kompyuta ya wananchi ambayo herufi zake zilikuwa zimefutika kwa kubonyezwa. Karani alimwonyesha mahali pa kuandika jina la mtu. Akaandika. Ikatokea orodha ya kampuni, na kwenye kila moja Mkurugenzi alikuwa ndiye mkurugenzi. Fundi alizihesabu, akamshukuru karani kwa mikono miwili, akarudi nyumbani mbio.

"Nne!" alitangaza. "Mimi duka moja linanitoa jasho, mwenzangu anazo kampuni nne! Umeona sasa?"

"Nimeona. Zote zinapumua?"

"Sikuuliza afya zao."

"Rudi ukaulize."

Akarudi. Karani, aliyekuwa akitafuna karanga, alimtazama kwa huruma. "Mzee wangu, lile jina la kampuni linabonyezwa. Ulisoma jalada ukaacha kitabu."

Fundi akabonyeza. Kampuni ya kwanza ilikuwa imefutwa kwa kutowasilisha hesabu za mwaka. Ya pili ilikuwa imefilisiwa kwa amri ya mahakama. Ya tatu ilikuwa imeifuata ya pili kaburini. Ya nne ilikuwa hai, lakini hai kama kitoto kichanga: haikuwa imetembea, haikuwa imesema, wala haikuwa imewasilisha hesabu yoyote. Ilikuwa imezaliwa karibu na siku ambayo Mkurugenzi alikutana na Kaka Mkubwa.

Karani alifuta mikono, akamfungulia daftari la rehani, kisha matangazo ya ufilisi katika gazeti la serikali, yale ambayo huchapishwa ili kila mtu ayasome na kwa hiyo hakuna anayeyasoma. Kila marehemu alikuwa amekopa kwa dhamana ya jengo la mtu mwingine. Kulikuwa na karakana ya kuchomelea, duka la mikate na kiwanda cha uchapaji. Anwani zilikuwapo zote, wazi, bila malipo.

Mwingine angetosheka. Lakini Ushahidi hakupewa jina lake bure. Alikwenda hadi kwenye anwani ya kiwanda cha uchapaji. Alikuta duka la simu linalong'aa, na barazani, chini ya mwavuli, mtu mmoja na mashine moja ya kutoa nakala.

"Samahani ndugu, hapa hapakuwa na kiwanda cha uchapaji?"

"Kilikuwapo, nami nilikuwa ndani yake. Sasa niko nje. Hewa ni nzuri zaidi."

"Ulikuwa na mshirika?"

Mchapaji alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Bado ana simu mbili?"

"Mbili."

"Kadi zake nilimchapia mimi. Cheo nilikiweka kwa wino wa dhahabu."

"Mbona hukumtazama kwa msajili?"

"Ningemtazamaje? Aliletwa na mjomba wangu."

Fundi alichomoa pochi yake. Alitoa nakala ya kitambulisho chake mwenyewe, ambayo hakuihitaji, akalipa, akaondoka.

Siku ya kutia sahihi Mkurugenzi alifika na mkoba, na Kaka Mkubwa akafika na koti jipya. Kalamu iliwekwa mezani kwa taadhima.

"Kabla ya kalamu, bwana," Fundi alisema, "zile kampuni zako tatu zilikufa kwa ugonjwa gani?"

Mkurugenzi alitabasamu. "Ndugu yangu! Biashara ni kupanda na kushuka. Asiyeanguka hajifunzi kutembea."

"Kuanguka si dhambi. Ungetuambia, tungekaa tukazungumza."

"Tatizo," Mama Pacha akadakia kutoka mlangoni, sindano ikiwa mdomoni, "ni kwamba kila ulipoanguka, uliangukia mtu."

Simu moja ya Mkurugenzi iliita kwa wakati wake, ya pili ikaisaidia. Alikuwa na kikao. Aliondoka kwa hadhi kubwa, kalamu mkononi.

Kaka Mkubwa alibaki amesimama. "Umenivua nguo mbele ya mgeni!"

"Kaka, soma basi karatasi hizi za msajili..."

"Mimi sisomi watu kwenye kompyuta!"

Akatoka, na koti lake jipya, na hakukanyaga tena pale. Duka lilikuwa salama, na Fundi alikaa ndani yake kama mfiwa. Alichonga funguo kombo. Wateja waliomba ufunguo wa kabati wakapewa wa geti. Mama Pacha hakumcheka. Alimwekea chai kando ya mashine, akairudisha ikiwa baridi, akamwekea nyingine.

Alasiri moja, kivuli kilisimama mlangoni. Kilikuwa cha Kaka Mkubwa, akitazama dari kana kwamba amekuja kuinunua.

"Nina rafiki yangu," alisema. "Si mimi, ni rafiki yangu. Ana kiwanja, na kuna bwana mmoja anataka washirikiane. Ile ofisi yenu ya kuchungulia watu, Jumamosi hufunguliwa?"

"Hufungwa mapema, kaka. Lakini rafiki yako anaweza kutafuta hata kwenye simu."

"Kwa malipo?"

"Bure."

"Hm." Kaka Mkubwa alihamia kwenye ukuta wa funguo, akaukagua kwa makini. "Huyo rafiki yangu, miwani yake imevunjika."

Fundi alizima mashine, akajipangusa vumbi la shaba mikononi.

"Basi twende tukamsomee," alisema. "Mama Pacha, niangalizie duka."

"Nenda," mkewe alijibu kutoka nyuma. "Na safari hii mbonyeze majina."